Tone la Aliye Njiani

Koku alikuwa ameshika sambusa mkononi pale mtu wa kwanza alipomshukuru kwa ajili ya Mama Mkwe.

Hakuwa ameolewa, wala hakuwa na mchumba. Alidhani kijana yule mrefu, mwenye kitambulisho cha kongamano kikining'inia shingoni, amemfananisha na mtu mwingine; na kwa kuwa alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, akaona afadhali aseme ahsante kuliko kuuliza. Wa pili alifika hata sambusa haijaisha. Huyu alikuwa dada mmoja kutoka idara ya sheria. Akampa mkono, akamwambia kwamba bila yeye Mama Mkwe asingezaliwa, kisha akaenda zake kupanga foleni ya chai.

Nafula alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Nafula alikuwa mwanafunzi mwenzake kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwa siku zote za kongamano walikuwa wamepangiwa chumba kimoja. Akataka kujua harusi ilifungwa lini, mahari alikula nani, na kwa nini yeye hakualikwa walau kukoroga pilau.

"Nami sijui," Koku akasema. "Labda wananifananisha."

"Wakufananishe na nani, na jina lako liko kifuani? Koku wangu, umeozwa kimyakimya."

Walikuwa kwenye baraza ya ghorofa ya tatu, chuoni Bukoba, mapumziko ya asubuhi. Kongamano la wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu wakimbizi, mipaka na uhamaji lilikuwa limewaleta vijana kutoka kila mji wa Shirikisho la Maziwa, na baraza ilikuwa imejaa kelele za watu waliolala kidogo na kusoma sana. Koku alikuwa amekwisha kuwasilisha kazi yake jana yake. Alisoma macho yakiwa kwenye karatasi mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ndogo hata fundi wa vipaza sauti akaja mara mbili kumsogezea kipaza. Alipomaliza walimpigia makofi ya heshima, akarudi kitini, akamshukuru Mungu kwamba yamepita.

Kazi yenyewe ilihusu Kasholwe. Huo ulikuwa mji wa ng'ambo ya milima, uliozama bwawa kubwa lilipopasuka. Ulizama na shule zake, na makanisa na misikiti yake, na kila daftari na kila mtambo uliohifadhi majina ya watu. Walionusurika walifika kwenye mpaka wa Shirikisho wakiwa na miili yao tu. Lakini barabara ile ile ilikuwa na wengine, waliokimbia ukame na bunduki za miji jirani, nao pia walisema wametoka Kasholwe, kwa sababu Shirikisho lilikuwa limetangaza kuwapokea watu wa Kasholwe peke yao. Nani ni nani? Swali hilo lilikuwa limewashinda maofisa wa mpakani, na lilikuwa limelisha makongamano mengi.

Koku hakwenda kambini kujibu swali hilo. Alikwenda kwa sababu aliwahi kusikia kwamba mji ukizama, desturi zake hufuata baada ya kizazi kimoja, akaumia moyoni kana kwamba ameambiwa habari ya msiba. Akaishi katika kambi ya Muhweza, upande wa pili wa mpaka ambako watu husubiri kuvuka, msimu mzima wa mvua, akikaa na akina mama jikoni, akichambua nao kahawa, akirekodi.

Kengele ikalia. Nafula akamfuta makombo begani, akamwambia bibi harusi aingie ndani.

*

Mtoa mada wa kikao kile aliitwa Ishengoma, mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi wa mitambo ya utambuzi. Alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya kusomesha watoto, na alianza kwa kuomba radhi kwamba atatumia jina la mitaani badala ya jina rasmi la chombo chake, kwa maana jina rasmi hata mama yake mzazi limemshinda. Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kikao, Profesa Kemilembe, naye akatabasamu. Profesa huyo alikuwa msimamizi wa tasnifu ya Koku.

Ishengoma akaeleza. Pale mpakani kuna chumba kidogo cha mbao. Ndani mna kigoda, meza na kikombe cha kahawa ya moto. Katika kuta na sakafu mmepachikwa macho madogo kuliko punje ya mtama, yanayosoma vidole, pumzi, mapigo ya moyo, na ule muda mfupi sana baina ya mwili kutaka jambo na mtu kujua kwamba anataka. Mwombaji huingia, hukaa, hunywa kahawa. Basi. Hakuna maswali. Wakimbizi wenyewe ndio waliokipa chombo jina: anakukaribisha vizuri, anakupa kiti, anakupa kahawa, halafu ananyamaza akitazama unavyokunywa, na mwisho wake anaamua kama unafaa kuingia katika nyumba yake. Ni nani huyo kama si mama mkwe?

Ukumbi mzima ulicheka. Koku naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu neno *kahawa* lilikuwa limemgonga mahali.

"Na tena Mama Mkwe ni kiziwi," Ishengoma akaendelea. Alimaanisha kwamba chombo hakisikilizi maneno hata kidogo. Ulimi hufundishika, akasema. Mtu wa mji jirani anaweza kukariri mitaa ya Kasholwe, majina ya machifu, hata lafudhi. Mkono haufundishiki. Mkono ulioinuliwa na mama fulani, katika mji fulani, hufanya jambo lake kabla kichwa hakijaamka. Kilichokuwa kimekosekana kwa miaka yote ni kujua jambo hilo ni lipi. Mpaka alipoisoma kazi moja.

Akabonyeza. Kwenye ukuta mweupe likatokea jina la Koku, na chini yake sentensi moja kutoka katika tasnifu yake, kwa herufi kubwa kuliko mtu:

*Hakuna mtu wa Kasholwe anayekunywa kabla ya kumwagia njia.*

Koku aliikumbuka vyema sentensi hiyo. Alikuwa ameiandika kambini mvua ikipiga bati, akaisoma kwa sauti, akaona ni nzuri. Ilikuwa sentensi pekee katika kurasa zote zile ambayo aliiandika bila woga. Ilihusu desturi ambayo hakuiona pengine popote: mtu wa Kasholwe akishika kikombe, kabla ya funda la kwanza, huinamisha kidogo na kuacha tone moja lianguke kando ya mguu wake. Tone hilo ni la yule wa nyumba hiyo aliye njiani. Kama yu hai, linamwambia sehemu yake ipo, arudi. Kama ni marehemu, linamwambia sehemu yake ametengewa, alale. Hufanywa bila kufikiri, katikati ya mazungumzo, hata na wagomvi, hata na walevi.

Ishengoma alimtafuta kwa macho, akamwona safu ya nne, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Watu wakageuka. Wakapiga makofi kwa nguvu kuliko jana. Nafula alimkanyaga mguu kwa furaha, na Koku hakuhisi kitu. Masikio yalikuwa yanamlia kama mtu aliyepigwa kofi.

Alikuwa amefikiri anaandika maombolezo. Hakuna aliyemwambia kwamba yamefungwa mpakani kama kitasa.

*

Mambo mengine aliyasikia kwa mbali. Ishengoma alisema chombo kinafanya kazi tangu kiangazi kilichopita. Alisema kimetenda haki kubwa, kwa maana kimeonyesha kwamba karibu wanne katika kila kumi waliojiita watu wa Kasholwe si watu wa Kasholwe. Mikono yao haikumwaga kitu. Ukumbini kukapita mguno wa mshangao. Alisema hao hurudishwa siku hiyo hiyo kwa gari la jioni. Alisema pia, kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu, kwamba sheria ya Shirikisho imeweka breki: aliyekwisha kuvuka harudishwi, taa ya chombo, ya kijani kwa apitaye na nyekundu kwa akataliwaye, haitoshi mpaka kidole cha binadamu kiidhinishe, na kama mwenye utafiti uliokiweka msingi ataukana hadharani, chombo husimamishwa papo hapo, na waliokataliwa husikilizwa upya. Jambo hilo la tatu alilisema kwa mzaha, akimwangalia Koku, na watu wakacheka tena.

Halafu akasema wataona wenyewe, moja kwa moja kutoka mpakani. Mwombaji ameridhia. Kwa kulinda faragha yake, uso umefichwa.

Picha ikatokea. Kigoda, meza, kikombe kinachofuka moshi. Akaingia mwanamke aliyejifunga kitenge cha kahawia, na pale palipokuwa uso pakawa na ukungu wa kijivu. Mikono tu ndiyo iliyoonekana wazi. Kando ya picha mstari mwekundu ulipanda na kushuka, ndiyo mapigo ya moyo wake.

Mwanamke aliketi. Akachukua ncha ya kitenge chake, akaizungushia kikombe ili asiungue, akakishika kwa mikono miwili. Juu ya kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na kovu jeusi la kuungua, refu, lenye umbo la ukingo wa chungu cha kukaangia.

Koku alilijua kovu lile. Alikuwa amelipaka mafuta.

Mama Lusenga. Ndiye aliyempokea siku ya kwanza pale Muhweza, akamcheka kwa kuchambua kahawa kama anayechagua shanga, akampa kigoda chake mwenyewe. Kwa muda mrefu Koku alikuwa amewatazama wanawake jikoni wakimwaga matone yao, na ni baada ya siku nyingi ndipo alipogundua kwamba Mama Lusenga hamwagi. Akamuuliza. Mama Lusenga akasema, "Kizime hicho kidude chako, binti." Koku akazima.

Hapo ndipo mama alipomweleza. Lusenga alikuwa mtoto wake wa pekee. Maji yalipokuja, kijana alikuwa juu ya paa la shule akiwavuta wenzake, na mama aliliona paa lile likienda na maji likiwa bado na watu wamesimama juu yake. Tangu hapo hakuna aliyemwambia yuko wapi. Hakuna aliyeuona mwili, hakuna aliyemwona hai. Na kwa watu wa Kasholwe, asiyejua hamwagi. Ukimmwagia aliye hai kama marehemu, unamfungia njia. Ukimmwagia marehemu kama aliye hai, unamsumbua asilale. Asiyejua hutuliza kikombe, anakunywa hivyo hivyo, mkono wake ukisubiri habari. Mama Lusenga alilia baada ya hapo, kwa sauti ambayo Koku hakuwahi kusikia ikitoka kwa mtu mzima, naye Koku akalia pamoja naye, wakaunguza mboga.

Koku hakuliandika lile kamwe. Kanuni ya kwanza ambayo Profesa Kemilembe huwafundisha wanafunzi wake kabla hawajaenda kambini ni hii: lililosemwa chombo kikiwa kimezimwa, halikusemwa. Koku aliipenda kanuni hiyo kuliko zote. Ilimwonyesha kwamba hata elimu ina adabu. Basi akalifunga moyoni, akakaa chini, akaandika: *Hakuna mtu wa Kasholwe.*

Sasa hesabu ya Ishengoma ikamrudia, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Wanne katika kila kumi. Mji uliokufa kwa maji, kwa siku moja, maiti nyingi zisionekane. Nani katika mji kama huo asiyejua mtu wake aliko? Mikono ile haikuwa ya wadanganyifu. Ilikuwa mikono ya akina mama wanaosubiri. Chombo kilikuwa kimewapokea waliozika, na kuwarudisha waliopoteza.

Na kila mmoja wao alikuwa amepandishwa gari la jioni kwa sentensi yake.

"Kahawa ni ya moto," Ishengoma alikuwa akisema kwa upole. "Tumpe nafasi mama wa watu ipoe. Chombo kinasubiri funda la kwanza. Mpaka hapo, kama kuna maswali, karibuni."

*

Koku hakujua kwamba amenyoosha mkono mpaka alipouona hewani. Profesa Kemilembe alimpa nafasi kwa fahari ya mzazi.

Alisimama. Aliuliza kwa sauti ndogo, naye Ishengoma akafungua sauti za ukumbi ili wote wasikie. Aliuliza: itakuwaje iwapo, tuseme tu, kuna watu wa Kasholwe ambao hawamwagi kwa sababu maalumu. Tuseme msiba. Tuseme aina fulani ya msiba.

Alitegemea Ishengoma ashtuke. Badala yake uso wa kijana ulichanua. Akasema hilo ni swali zuri sana, tena alikuwa akilitamani. Kama msiba wa namna hiyo upo, basi nao una alama yake mwilini, na chombo kinaweza kufundishwa. Mwombaji asiyemwaga angewekewa mbele yake mambo ya yule aliyepotea, picha, sauti, labda nguo. Na macho ya ukutani yangepima kama uchungu wake ni wa kweli au wa kujifanya. Akasema kwa unyofu kabisa, "Nipe tu maelezo, Koku. Kabla ya mavuno Mama Mkwe atakuwa anapima hata huzuni."

Watu wakaandika. Hakuna aliyeguna.

Koku alibaki amesimama. Aliona chumba kile kidogo, na Mama Lusenga amewekewa mezani shati la kijana wa shule, na mstari mwekundu ukipanda. Aliwaona nyuma yake wote wenye mikono inayosubiri, wakipanga foleni ili walie vizuri. Akisema ukweli, mama huyu mmoja atavuka leo, na siri yake itakuwa mlango wa mateso ya wengine. Akinyamaza, gari la jioni. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo Ishengoma alikuwa ameitaja kwa mzaha.

Lakini njia hiyo ilipita juu ya kitu. Kasholwe haikuwa na daftari, wala picha, wala jengo. Mahali pekee duniani ambapo desturi ile ilikuwa imeandikwa ni katika tasnifu yake. Akiikana, mji ule utazama mara ya pili, na safari hii ni yeye atakayepasua bwawa.

Mikono iliyo kwenye picha ukutani iliinua kikombe kidogo, pumzi ikapeperusha moshi.

"Nilitunga," Koku akasema.

Profesa Kemilembe akaomba arudie, kwa maana hakusikia, au alisikia.

"Habari ya kumwagia njia. Nilitunga. Nilikaa kambini sikupata kitu kipya, nikaogopa kurudi mikono mitupu. Hakuna desturi ya namna hiyo. Naikana mbele ya kikao."

 Nafula, aliyekuwa amemshika ncha ya gauni kumvuta aketi, aliliachia kana kwamba limeshika moto.  Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba watu wamerudishwa kwa uongo wa mtoto. Na Koku akalipokea neno lile, kwa sababu kwa upande mmoja lilikuwa kweli.

Ndipo sauti ikatoka ukutani. Ishengoma alipofungua sauti za ukumbi alikuwa amezifungua na kule mpakani.

"Sauti hiyo naijua," mwanamke wa kwenye picha akasema. "Si yule binti yangu wa kahawa?"

Koku akaigeukia picha. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi, mbona pamejaa watu?" Kikombe kikakaa kimya juu ya kitenge. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu sakafu kwa unyayo. "Kidude chako umekizima?"

"Hapana, mama," Koku akasema. "Leo hakijazimwa. Kinatazama, na watu wengi wanasikiliza."

Profesa Kemilembe aliinuka. Alikuwa amezeeka kidogo katika muda ule mfupi. Alisema kwamba kwa bahati yupo shahidi, na haki inataka aulizwe. Akamwomba radhi mama kwa usumbufu, akamuuliza wazi: je, kwao Kasholwe watu humwaga tone la kahawa kabla ya kunywa?

Mstari mwekundu uliruka. Ulipanda mpaka ukagusa ukingo wa picha, ukabaki huko juu ukitetemeka. Mikono yenyewe haikutikisika hata kidogo.

"Kahawa ni ya kunywa, mama mheshimiwa," Mama Lusenga akajibu. "Nani amwage kahawa na njaa hii?"

Akanywa. Funda la kwanza, refu, bila kumwaga kitu. Taa nyekundu ikawaka ukutani juu ya kichwa chake kisicho na uso, na papo hapo Profesa akaamuru picha izimwe.

*

Baadaye walimwacha peke yake barazani, kama anavyoachwa mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Ndani kikao kilikuwa kimevunjika. Profesa alikuwa amepita mbele yake bila kumtazama, kisha akarudi hatua chache, akasema atamwandikia, akaenda. Sambusa zilikuwa bado mezani, zimepoa.

Ishengoma alimkuta ameegemea ukuta. Kibao chake cha kazi alikuwa amekikumbatia kifuani, kimewaka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango si wake.

"Chombo chako hakisikilizi maneno," Koku akamwambia, kwa kuwa hakupata jingine la kusema.

"Hakisikilizi," akakubali. "Lakini mimi nasoma mistari miaka yote hii. Ule moyo haukuwa wa mtu anayeulizwa jambo asilolijua." Alisita. Alitazama chini uani, ambako madereva walikuwa wanafuta vioo vya magari. "Ulidanganya lini, Koku? Kwenye tasnifu, au leo?"

 Koku alimtazama tu machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwanamume yeyote asiye ndugu yake, mpaka Ishengoma ndiye aliyeinamisha kichwa.

Alisema amri ya kusimamisha iko mikononi mwake. Ni kubonyeza tu. Alisema pia kwamba kama anajua kuwa kukana kwa Koku ni uongo, sheria inamtaka aseme. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ameanza kuwafikiria wale wanne katika kila kumi. Mkono wake ulikuwa juu ya kibao. Hakubonyeza mbele yake. Aligeuka akaenda ndani, na Koku akabaki akisikiliza viatu vyake mpaka vikapotea.

Hakumwita. Kumwita kungekuwa kumweleza, na kumweleza ndiko hasa alikokukataa.

Mwishowe, baada ya saa nyingi, ni Nafula aliyekuja. Hakuwa na mzaha wa mahari tena. Alikuwa na vikombe viwili vya kahawa, akampa kimoja, akasimama karibu naye bega kwa bega, wakaangalia ziwa ambalo jua lilikuwa linaligeuza rangi. Jioni ilikuwa inaingia. Mahali fulani ng'ambo ya vilima, kule mpakani, gari lilikuwa linawashwa, au halikuwashwa.

Koku alishika kikombe kwa mikono miwili. Msimu mzima wa mvua alikuwa amenywa kahawa na wanawake wa Kasholwe, na tangu aliporudi mkono wake ulikuwa umejifunza kuinama wenyewe. Nyumbani walikuwa wakimtania kwamba anachafua sakafu. Sasa mkono ukaanza safari yake ya kawaida. Kikombe kikainama, kahawa ikafika ukingoni, tone likavimba.

Kisha mkono ukasimama, bila yeye kuuamuru. Ukakirudisha kikombe kikawa sawa.

Nafula alimuuliza kwa nini hanywi.

"Nakunywa," Koku akasema, akanywa hivyo hivyo.